Usimpimie Paka kwa Kilio Chake

Maneno haya niliyasema Mikindani, jioni moja ya msimu wa kusi, mbele ya watu waliokuja na paka wao na wengine waliokuja kutazama tu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichopunguza ni mizaha.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti wa mtaa, mama zangu mliotoka sokoni Feri na magamba ya samaki bado mikononi, wajomba, vijana, na ninyi watoto mlio juu ya ukuta ambao nimewaambia mara mbili mshuke, ahsanteni kwa kuja.

Jirani yangu aliposikia nimeitwa kuzungumzia chakula cha paka alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Mikindani hii paka anahitaji semina? Si samaki tu?" Nimekuja na neno lake hilo hilo, "si samaki tu", kwa sababu nusu ya paka wagonjwa niliowaona katika kazi yangu ya mifugo waliugua kwa neno hilo. Nusu nyingine waliugua kwa bakuli lililojazwa pomoni kila asubuhi na mtu mwenye huruma.

Tuanze na nasaba yake. Paka wa nyumbani babu yake ni paka pori wa nchi kavu, wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Hakuwa mvuvi. Alisogea karibu na binadamu kufuata panya waliokuwa wakila nafaka za wakulima wa kwanza. Kule kisiwa cha Saiprasi wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la mtu na paka wake ubavuni, la miaka kama 9,500 iliyopita. Bahari yote ile imewazunguka, lakini mwili wa paka ulikuwa umeshaumbwa kwa panya na ndege, na mpaka leo haujabadilika sana.

Kwa hiyo mtu akiniuliza chakula kizuri cha paka ni kipi, mimi humwambia amtazame panya. Panya mdogo wa nyumbani, wa gramu 20 hivi, ana nguvu ya kilokalori 30 hivi. Paka mzima wa kilo 4 anahitaji kama kilokalori 200 mpaka 250 kwa siku. Pigeni hesabu: panya saba, nane. Hawapati kwa mkupuo. Anamkamata mmoja saa hii, mwingine usiku wa manane, mwingine alfajiri. Ndiyo maana paka hali kama mbwa. Anakuja, anadonoa, anaondoka, anarudi, nasi tunasema anaringa. Na ndani ya panya yule mna nyama, moyo, ini, mifupa laini, chembe za nafaka tumboni, na maji mengi. Zaidi ya nusu ya panya ni maji. Shikeni hilo la maji, nitalirudia.

Sasa mama zangu wa Feri, msininunie. Samaki ni kitoweo kizuri kwa paka. Ubaya ni samaki mbichi, wa aina moja, kila siku, miezi na miezi. Hili sikulisoma tu, nilimfanyia paka wangu mwenyewe. Nilikuwa na paka jike wa rangi ya korosho iliyokaangwa, mwanangu alimwita Halua. Kila asubuhi nilipita sokoni, nikanunua fungu dogo la dagaa wabichi, nikammwagia kwenye kifuniko cha sufuria. Alikula akiguna. Mimi nilijiona bwana mkubwa, maana paka wa wenzangu walikuwa wanakula ukoko.

Mwezi wa tatu, wa nne, nikamkuta Halua barazani ameinamisha kichwa, kidevu kimegusa kifua, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Akiinuka anayumba. Ukimbeba, anajikunja na kukakamaa. Nikasema huyu kala sumu ya panya. Nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Hakumgusa kwanza. Aliuliza tu, "Anakula nini?" Nilipomjibu alinitazama kwa muda, akaenda kutafuta sindano za vitamini B1. Kesho yake jioni Halua aliinua kichwa. Baada ya siku chache alitembea sawasawa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikilipwa mshahara kuwafundisha watu ulishaji wa mifugo!

Kilichompata ni hiki. Baadhi ya samaki, na wamo wa jamii ya dagaa, wana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi. Kikiingia mwilini kinavunja vitamini B1 ya paka, na ubongo wake haufanyi kazi bila hiyo. Dawa yake ni moto. Ukichemsha samaki, kimeng'enya kinakufa. Basi chemsha, usiongeze kitu, toa miiba mikubwa, subiri ipoe, na supu yake mpe vilevile. Supu usiimwage, na sababu yake naifikia sasa hivi.

Kuna kirutubisho kinaitwa taurini. Mwili wangu na wako unajitengenezea. Mwili wa paka unatengeneza kidogo mno, haumtoshi. Lazima aile, na inapatikana kwenye nyama na samaki, haipo kwenye ugali, haipo kwenye wali. Akiikosa kwa muda mrefu, moyo unatanuka na kulegea, na macho yanaharibika kwa nyuma mpaka anapofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba paka wa Marekani waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na walipopewa taurini wengi walipona. Paka wale hawakuwa wakila makombo ya jalalani. Walikuwa wakila vyakula vya viwandani vilivyouzwa kama vyakula bora. Baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini kwenye vyakula vyao.

Taurini inayeyuka kwenye maji. Ukichemsha samaki au kuku, sehemu yake inahamia kwenye supu. Ukimwaga supu umemwaga moyo wa paka. Na kama unataka kumpa yenye taurini nyingi bila gharama kubwa, waulize wauza kuku mioyo, au nyama nyeusi ya paja. Pweza na ngisi nao wanayo tele, wachemshwe na kukatwakatwa vipande vidogo. Wenzetu wa bara hawana bahati hiyo.

Kwa hiyo paka anayelishwa ugali wa muhogo uliopakwa mchuzi, hata akishiba, ana njaa ndani. Wanga kidogo uliopikwa hauwezi kumdhuru, lakini ukiwa ndio mlo, basi. Na ule mchuzi wenyewe una vitunguu maji na vitunguu saumu. Vyote viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, vibichi na vilivyopikwa. Mtengee fungu lake kabla hujakaanga kitunguu. Ng'onda, roweka utoe chumvi. Maini mpe kwa nadra, kipande cha kidole, kwa sababu vitamini A ikizidi mifupa yake inaota vibaya. Jodari na vibua wenye mafuta wasiwe chakula cha kila siku. Maziwa ya ng'ombe paka wengi wazima yanawaharisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka ncha kali, usimpe.

Wavuvi nawaombeni mambo mawili. La kwanza bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Najua ninyi mnamjua, lakini mnamtupa mchangani, na paka wa pwani hajui. Sumu yake iko kwenye ini, mayai, ngozi, na haiondoki kwa kupikwa. Mfukieni mbali. La pili ni vichwa vya samaki vyenye ndoana na kipande cha mshipi. Paka akimeza mshipi, unakwenda kukunja utumbo wake kama kamba ya suruali. Ukiuona unatokeza mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari na mshipi wake.

Haya, tuje kwenye vyakula vya dukani, maana siku hizi na Mtwara mjini vinapatikana na vijana wanaviulizia. Wengi wanachagua kwa picha ya paka iliyo kwenye mfuko. Geuza mfuko nyuma. Tafuta neno la Kiingereza "complete". Maana yake chakula hicho kimetengenezwa kiweze kuliwa peke yake siku zote. Ukikuta "complementary", hicho ni kitoweo cha kuongezea, na paka akilishwa hicho tu atadhoofika. Halafu tazama ni cha umri gani. Cha mbwa usimpe paka kwa kuwa ni cha bei nafuu; mbwa anajitengenezea taurini, kwa hiyo chakula chake hakilazimiki kuwa nayo.

Orodha ya viambato huanza na kilicho kizito zaidi. Natafuta nyama, kuku au samaki pale mwanzoni. Lakini msidanganyike na protini iliyoandikwa, maana kuna hila ya maji, wala si hila ya mtu. Chakula cha pakiti, kile laini, kinaweza kuandikwa protini asilimia 9. Kile kikavu asilimia 32. Mtu anasema kikavu ndicho chenye nyama. Ngojeni. Kile laini ni maji asilimia 80. Ukiondoa maji, inabaki sehemu 20, na 9 kati ya 20 ni asilimia 45. Kikavu kina maji asilimia 10 hivi. 32 kati ya 90 ni kama asilimia 36. Kwa hiyo kile laini kimeshinda, na huku kimebeba maji kama panya.

Lakini bei nayo inasema. Pakiti moja ya gramu 85 kwa kawaida ina kilokalori 70 mpaka 90. Paka wa kilo 4 atataka tatu kwa siku. Chakula kikavu kina kama kilokalori 350 mpaka 400 kwa kila gramu 100, kwa hiyo gramu 60 kwa siku zinamtosha, na kilo moja inamfikisha siku 16. Mimi ninachofanya nyumbani ni kuchanganya: kikavu kilicho kamili ndicho msingi, na mara mbili tatu kwa juma samaki au kuku wa kuchemsha na supu yake, na siku hiyo kikavu napunguza. Chakula cha nyumbani peke yake kinawezekana, ila kukikamilisha kwa kalsiamu, yale madini ya mifupa, na vitamini zote ni kazi ya mizani na ushauri wa daktari, si ya kukisia.

Kuna maduka yanafungua gunia na kukupimia rejareja kwenye mfuko wa nailoni. Sikatazi, mfuko mzima ni ghali. Lakini omba uone gunia, usome nyuma, na unuse. Joto hili letu na unyevu wa bahari vinachachisha mafuta upesi. Kikinuka kama mafuta ya taa au rangi ya zamani, kiache. Nyumbani kiweke kwenye kopo lenye mfuniko.

Sasa kiasi. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha, kwa hiyo mnaosinzia amkeni.

Nilichukua kikombe cha kahawa, hivi vidogo visivyo na mkono vya wauza kahawa, nikajaza chakula kikavu, nikaenda kwa muuza viungo mwenye mizani ndogo. Sawa na ukingo, gramu 28. Nikajaza kwa kilima, gramu 35. Nikarudi kuchukua kikombe changu cha chai cha kila siku: gramu 105. Mnaona? Vikombe viwili vya kahawa, vya kusawazisha kwa kidole, ndio mlo wa siku nzima wa paka wa kilo 4. Kikombe kimoja cha chai kinakaribia mlo wa siku mbili. Na wengi wetu tunamwaga cha chai asubuhi, kingine jioni, kisha mtoto anampa nusu andazi, na nusu andazi inakaribia theluthi ya chakula chake cha siku. Vya kuonjaonja visizidi sehemu moja ya kumi. Chukueni chakula chenu, vikombe vyenu, mkapime wenyewe, kwa sababu punje zinatofautiana.

Paka aliyehasiwa mpunguzie kama robo. Kisha gawa: asubuhi, mchana, jioni, na kidogo kabla ya kulala, ndipo hatakuamsha saa kumi alfajiri. Ukibadilisha aina ya chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku saba mpaka kumi.

Ila kikombe ni mwanzo tu. Anayekuambia umepatia au umekosea ni mwili wa paka. Nyosheni mkono wa kushoto, kiganja chini. Wa kulia upitisheni juu ya vifundo vya vidole. Mnavisikia bila kubonyeza, lakini havichomi? Mbavu za paka mwenye afya zinasikika hivyo. Sasa kunjeni ngumi, pitisheni juu ya vifundo. Zikisikika hivi, amekonda. Sasa geuzeni, guseni kiganja chenyewe. Kama ni hivi, husikii mbavu, unabonyeza nyama tu, huyo kanenepa. Mtazame na kwa juu akiwa amesimama: awe na kiuno. Fanya hivyo kila Ijumaa au kila Jumapili, itategemea unakwenda wapi siku hiyo. Mbavu zikizama, toa kijiko kimoja kwenye kipimo chako. Zikichomoza, ongeza.

Usipime kwa kilio. Hapa Mikindani paka anajua honi ya baiskeli ya muuza samaki kuliko anavyojua jina lake. Tenga halijafika kona, yeye ameshaanza "nyauu" kama yatima. Analia kwa sababu jana alilia ukampa. Paka wa kaka yangu kule Shangani alikuwa hivyo, kilo 6 na zaidi, anapanda ngazi kwa vituo. Kaka yangu alipoambiwa akaamua kumfungisha, siku mbili hakumpa kitu. Nilipata habari nikaenda usiku uleule. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na ini linashindwa. Anakufa huku ana akiba tele. Tukampunguzia polepole. Kwa paka wa kilo 6, gramu 60 kwa juma ni mwendo mzuri, na ulimchukua karibu mwaka.

Babu mmoja hapa mbele amenyanyua bakora tangu zamani. Anasema, "Mjukuu wangu, paka akishiba hakamati panya, na mimi nina magunia ya korosho ghalani." Babu, shikamoo tena. Kukamata na kula kwa paka ni mambo mawili. Watafiti walishamjaribu: yuko kwenye sahani yake, panya akapitishwa, akaacha sahani, akaua panya, akarudi kula. Njaa inamwongezea bidii kidogo, kweli, lakini njaa hiyo haimpeleki ghalani kwako, inampeleka jikoni kwa jirani kwenye kikaango. Mpe mlo wake uliopimwa, mpe humohumo ghalani, na atalinda pale anapokula. Na ukiweka sumu ya panya mle, mwondoe paka, kwa sababu panya aliyekula sumu naye ni sumu. Masheikh waliopo wanaijua kuliko mimi hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaadhibiwa kwa hilo.

Watoto wa paka kwa ufupi. Kuanzia wiki ya nne waanze chakula laini pamoja na ziwa la mama. Mtoto wa kilo moja anakula karibu sawa na paka mzima, kwa hiyo msimhesabie kwa udogo wake. Mara nne kwa siku, chakula cha watoto. Mama anayenyonyesha msimpimie, aachiwe ale.

Na yale maji niliyoahidi. Paka, kwa asili yake ya ukavu, hana kiu kubwa. Anayekula kikavu tu anaweza kukaa na mkojo mzito, na dume mkojo unaweza kumziba. Weka maji mbali kidogo na chakula, bakuli pana, yabadilishwe kila siku, na mloweshee chakula kwa supu. Ukimwona dume anachuchumaa, anachuchumaa tena, analia, na hakuna kitu, usisubiri asubuhi. Hilo ni la kumkimbiza kwa daktari saa hiyohiyo.

Nimemaliza yangu. Mizani ya bafuni ile pale juu ya meza. Mwenye paka anapanda kwanza peke yake, tunaandika. Halafu anambeba paka, anapanda tena, tunatoa. Mama mwenye tenga, tuanze na wa kwako, maana naona ameshatoboa mkono mmoja nje.